Bi. Idil Ogle na Nyumba Iliyojengwa Ndani ya Nyumba

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Idil Ogle anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitunza Nyumba ya Mawe, makumbusho yetu madogo hapa Garissa.

Kwa wafanyakazi wapya, nieleze kidogo. Enzi za ukoloni nyumba hii ilikuwa ya mkuu wa wilaya. Wazee walioitwa humo walitozwa faini ya ngamia, wakarudi kwao mikono mitupu. Basi tulipoifungua kama makumbusho, watalii wachache waliingia, lakini watu wa Galbet, mtaa wa jirani, walipita upande wa pili wa barabara. Bi. Idil ni mzaliwa wa Galbet, na hata baba yake, Mzee Ogle, hakukubali kuvuka lango. Hilo lilimuuma kuliko jingine lolote kazini.

Alianza vibaya, na mwenyewe husimulia huku akicheka. Alikusanya vyombo vya maziwa vya kufumwa, akavipaka vanishi ving'ae, akavifungia kwenye kabati la kioo. Kisha akambembeleza shangazi yake, Eedo Lul, aje kuvitazama. Mama huyo aliomba kabati lifunguliwe, akainua kimoja, akanusa, akauliza ni nani sasa atakayekunywa maziwa humo. Chombo cha aina hiyo hufukizwa ndani kwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri, ili maziwa yakae na yawe matamu. Kikishanuka rangi ya meza, kazi yake imekwisha.

Wengi wetu tungelifunga kabati kimyakimya. Bi. Idil alimwomba shangazi arudi na wenzake, wafume vingine pale pale barazani. Kila walipofukiza, moshi ulivuka ukuta, na majirani wakaanza kuchungulia kuuliza kuna sherehe gani.

Wakati huo kamati ya majengo ilikuwa imechoka. Nyumba isiyo na wageni, walisema, ifanywe stoo ya samani za ofisi. Bi. Idil aliomba wasubiri mvua zipite. Akawapa akina mama chumba cha mbele, kile kile cha kutozea faini, wasimamishe humo nyumba ya kuhama, ile ya fito na mikeka inayobebwa na ngamia.

Kamati iliporudi ilikuta mlango umejaa watu. Mwenyekiti alijaribu kupenya, Eedo Lul akamzuia.

"Wewe ngoja huko nje kwanza, mzee. Nyumba haijaisha, utaingia aje?"

Alingoja, akapewa chai ya maziwa ya ngamia, akaongezewa. Habari ya stoo haikusikika tena. Na jioni hiyo Mzee Ogle alivuka lango. Aliketi ndani ya nyumba ya mikeka, akawaeleza wote waliokuwapo kwamba yeye ni mgeni wa hiyo ndogo, si wa ile kubwa.

Wiki hii akina mama wamemfukizia Bi. Idil chombo kipya, nacho kitakwenda nyumbani kikiwa kimejaa. Kimoja cha vanishi kinabaki kabatini, na chini yake kuna kibao alichokiandika mwenyewe: "Hiki nilikiharibu mimi. Nusa kile cha barazani."

Bi. Idil, tunakushukuru kwa kutufungulia lango. Mungu akupe afya na utulivu, na chombo chako kisikose maziwa.