Mzee Ngoja-Kwanza na Jaribio Nisilolingoja

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo. Alisomea hisabati, akamaliza chuo kikuu mwaka 1977.

Mwaka 1981 alimwoa mama yetu, mwalimu wa chekechea. Siku ya harusi alimwacha bibi harusi mlangoni, akarudi ndani kuhakikisha pasi imezimwa. Mama anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na nani.

Kwa miaka thelathini na mmoja alipima mifumo ya kompyuta. Wenzake walimwita Mzee Ngoja-Kwanza. Jaribio alilolipenda lilikuwa hili: kazi moja ndani ya mashine inazaa nyingine, kisha mzazi anamngoja mtoto amalize, apokee jibu lake. Asipongoja, kazi zilizokwisha kufa hubaki kwenye orodha zikijaza nafasi, hadi mashine ishindwe kuanzisha chochote. Lilichukua dakika arobaini. "Kuanza vizuri si kitu," alitufundisha. "Kaa hapo hadi wa mwisho arudi."

Sikukaa. Tarehe 9 Juni 2009 mimi, binti yake wa kwanza na mpimaji chini yake, nililianzisha, baada ya dakika mbili nikaandika "limepita", nikatia saini, huyoo, nikaenda kula. Wiki iliyofuata mashine zote za mapokezi ya hospitali tuliyoihudumia ziliganda, wagonjwa wakapanga foleni hadi barabarani. Baba alisimama mbele ya wakubwa akasema, "Kosa ni langu." Julai akastaafishwa. Nami nikaufyata. Jamani, naona aibu hata kulisoma hili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Kila nilipomtembelea aliniuliza, "Mwanangu, una neno?" Nami, "Sina, Baba, salama tu." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, nikiwa njiani kwenda kumwambia.

Jana Mama alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya jaribio lile, saini yangu, na saa ya kuanza na ya kumaliza zimezungushiwa wino mwekundu.

"Alijua tangu wiki ile," Mama alisema. "Nilimwambia akuulize. Akanijibu, ngoja kwanza, atakuja kusema mwenyewe."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na wapimaji wengi aliowafundisha.

Neno ninalo, Baba. Kosa lile lilikuwa langu. Usiningoje tena, pumzika kwa amani.