Rula Alisema Msumeno Utakata Mtu

Saa nne asubuhi karakana ya mbao huzima mashine, nasi hukaa kwenye benchi la ukutani, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi mpakiaji, Mzee Bawaba fundi milango, Dada Msasa anayelainisha mbao, na Karani wa stoo, ambaye simu yake ina ile akili bandia inayotuandikia barua sote. Mlinzi wa geti, tunayemwita Profesa, alikuwa amesimama ingawa nafasi moja ilikuwa wazi. Ilikuwa nafasi ya Rula, mkata mbao wetu. Jana yake msumeno wa mezani ulikuwa umemkata vidole vitatu.

— Soma tena, Dada Msasa alimwambia Karani. Alikwambia uandike nini?

— Nimeshasoma mara mbili.

— Basi ya tatu haitakuua.

Karani akasema kwa sauti ya chini kwamba siku tisa zilizopita Rula alimfuata stoo, akamwambia: "Mwandikie bosi kile kifuniko cha msumeno kimelegea. Kikitoka, mtu atakatika mkono. Mimi siwashi tena mpaka kifungwe."

— Na simu yako ikaandika nini?

Karani akasoma: "Natumaini u mzima wa afya. Ningependa kupendekeza, kwa unyenyekevu, tuangalie uwezekano wa kuboresha usalama katika eneo la kukatia mbao, kwa manufaa ya timu nzima."

Mzee Bawaba akatema kahawa chini.

— Mkono umeenda wapi humo? Mimi sijausikia mkono.

— Alikuwa amefura, Mzee. Angeandika vile alivyosema angefukuzwa. Nilitaka kumsaidia.

— Kweli, Profesa akadakia. Mdomo huponza kichwa.

— Hapa umeponza vidole, Dada Msasa akasema, na mdomo wenyewe haukuwa wake.

Nikamuuliza Karani huyo bosi, msimamizi wetu, alijibu nini. Akasema jibu lilikuja kabla hajairudisha simu mfukoni: "Asante sana kwa wazo lako zuri. Tunathamini mchango wako na litafanyiwa kazi. Kwa sasa tafadhali endelea na majukumu yako kama kawaida."

— Dakika haikuisha? nikauliza. Alisoma saa ngapi?

— Hakusoma. Na yeye anayo akili bandia yake. Inamsomea, inamjibia, jioni inampa muhtasari. Jana baada ya ajali aliniambia mwenyewe kwamba siku ile muhtasari ulikuwa na mambo kumi na nne. La kumi na moja lilisema, "Mfanyakazi mmoja ana wazo."

Tulikuwa tunamfikiria Rula, mtu asiyejua kudharau amri, akiambiwa aendelee kama kawaida na akaendelea.

— Mimi nimeshalielewa jambo lote, Profesa akasema. Hizi akili mbili ni ndugu. Ya simuni inaisalimu ya ofisini, ya ofisini inaishukuru ya simuni, na hapo kwao kazi imekwisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nani? Dada Msasa akauliza. Mwenyeji yuko wodini.

— Subiri, Mzee Bawaba akasema. Zikizoeana zitaombana likizo, zipeane. Sisi tutabaki hapa tunakatwa.

— Nawaambia zaidi, Profesa akaendelea, huku sauti ikimpanda. Msimamizi mwenyewe hayupo. Gari lake linaingia, kioo kimefungwa, napokea "asante kwa kazi nzuri" kwenye simu. Mwaka mzima sijamsikia hata akikohoa.

— Yupo, Dada Msasa akasema. Jana alishuka. Damu ilikuwa haijafutwa mezani. Akaupiga picha msumeno, akapanda. Baadaye tukatumiwa sote ujumbe: "Tumepokea kwa masikitiko changamoto iliyompata mwenzetu."

— Changamoto, Mzee Bawaba akarudia. Changamoto ni tairi kuisha upepo. Zamani kitu kikilegea nilikuwa napiga nyundo kwenye bati mpaka bosi atoke nje na kijiko mkononi. Tulitukanana, tukaelewana, skrubu ikafungwa.

— Itupe hiyo simu, Dada Msasa akamwambia Karani.

— Simu ina kosa gani? Hesabu ya stoo inaipanga vizuri kuliko mimi. Jambo la mkono wa mtu ndilo sikupaswa kuipa.

— Unasema leo.

— Nasema leo, dada. Sina siku nyingine ya kulisema.

Dada Msasa alikuwa anainuka, na sijui angemfanya nini, ila mke wa Rula alikuwa ameingia getini. Alikuja kuchukua viatu na shati la mumewe. Nguo aliyovaa ilikuwa ya jana. Alikuwa hajaenda kulala. Tukasogea.

— Karibu ukae, shemeji, nikamwambia.

— Sikai. Anaendeleaje ndilo mnataka kujua? Amelala. Wamemshona.

Karani akasimama, akaanza kumweleza yote: ujumbe, jibu, muhtasari. Alieleza bila kujitetea. Profesa akaongeza habari ya ndugu wawili, Mzee Bawaba akaongeza kwamba dunia imeharibika. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, viatu vya mumewe amevikumbatia kifuani.

— Kwa hiyo nyote mlijua kifuniko kimelegea, akasema.

Nilikuwa napita na mbao begani pale kila siku. Nilikiona kinacheza.

— Tulijua, shemeji, nikasema.

— Siku tisa. Nani kati yenu alipanda kumwambia bosi?

Dada Msasa akatazama vidole vyake. Ngazi ya ofisini ilikuwa hapo mbele yetu, vidato kumi na viwili vya chuma, na mlango wa msimamizi ulikuwa wazi.