Konyaku Haina Historia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dakta Teiichi Kanbara, Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali za Bonde, Mganga Mkuu, wauguzi wetu, ndugu na jamaa mliosimama ukutani kwa sababu viti vyote vina watu:

KUKUKARIBISHA

Sisi wagonjwa wa figo wa zamu ya asubuhi, Hinosawa, tunakukaribisha. Utusamehe kwa kutosimama ulipoingia. Hatukukosa adabu. Tumefungwa kwenye mashine za kusafisha damu, na mtu ambaye damu yake iko nje ya mwili haruhusiwi kuinuka hata kwa ajili ya mwenyekiti. Ahsante kwa kuvuka mlima katika theluji hii. Ahsante pia kwa kukubali kuketi pale tulipokuandalia, karibu na dirisha, bila kuuliza kwa nini kiti hicho kilikuwa wazi.

Leo ni siku ya kuziaga sindano. Desturi hii aliileta wodini mwenzetu Bi Towa Kuzumaki, mshonaji wa kimono, aliye kushoto kwako. Sindano iliyochoka huchomwa kwenye konyaku, ile jeli nzito ya kiazi tunayoila kwenye supu, ili baada ya maisha ya kutoboa vitu vigumu ipumzike mahali laini. Ratiba inasema baada ya risala hii utachoma sindano ya kwanza. Tutarudi kwenye hiyo konyaku.

HISTORIA YETU

Bodi ina historia yake, imeandikwa vizuri kwenye kijitabu chenye picha yako. Sisi tuna yetu, nayo imeandikwa chini ya ngozi.

Kila mmoja wetu ana mshono mkononi, mahali mshipa ulipounganishwa na ateri ili damu ipite kwa nguvu na mashine iipate. Mshono ulio hai unavuma. Ukiweka sikio unausikia, kama nyuki ndani ya ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, tunasikiliza mikono yetu. Ukinyamaza, umeziba, na hapo mtu anahitaji mpira: ule wa kupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo mpaka mlangoni pa moyo.

Zamani mipira ile haikupita shingoni. Ilipita chini ya mfupa wa mtulinga. Palikuwa rahisi, na daktari kijana wa hapa alisifiwa kwa wepesi wa mkono wake. Alikuwa akimaliza kabla chai haijapoa. Baadaye ikajulikana duniani kote kwamba mpira wa mahali pale hukwaruza mshipa, na mshipa ukipona hujikunja, hunywea, mwisho hufunga. Ikajulikana, ikafundishwa, na mkono ule mwepesi ukaendelea pale pale, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Bodi ilipotuandikia kwamba mishipa yetu "imesinyaa kwa maumbile", tulicheka mpaka mashine zikapiga kelele. Maumbile gani yanayofunga pale pale chini ya mtulinga tu, kwa watu wote waliotibiwa na mtu mmoja?

Mgeni rasmi, mkono ule ulikuwa wako. Hatukuiti jina baya. Tunakukumbusha tu, kwa vile kijitabu kimesahau.

MAFANIKIO

Tupo hai. Hilo ni la kwanza, na haliko kwenye kijitabu.

La pili ni Daktari Orikasa, yule aliyesimama mlangoni na mikono nyuma. Mishipa ya Bi Towa ilipofunga pande zote mbili za shingo, hospitali kubwa ilimwambia arudi nyumbani akale anachopenda. Ile njia nyingine, ya kusafisha damu kupitia tumboni, haikumfaa kwa maana tumbo lake lilishapasuliwa mara nyingi. Uso ulikuwa umevimba. Alijitazama kwenye kioo akasema, "Nani huyu amelala usoni mwangu?" Kifuani mishipa midogo ilikuwa imejitokeza kama nyufa za barafu ya ziwa, maana damu iliyofungiwa barabara kuu hutafuta vichochoro.

Daktari Orikasa hakusukuma waya kutoka nje. Alitazama kwanza, kwa ile mashine ya mionzi inayoonyesha mishipa ikiwa kazini. Kisha akaingiza waya kwenye paja, akaupandisha polepole ndani ya mwili, ukapita kandokando ya moyo, ukafika upande wa ndani wa mlango uliofungwa. Bi Towa alikuwa macho, amekufa ganzi shingoni na pajani tu.

"Bibi," daktari akamwambia, "utasikia kitu kinagonga kutoka ndani. Usishtuke. Ni mimi."

"Na kama si wewe?"

Kikagonga. Ngozi ya shingo ikainuka kidogo, kama pazia mtu anapopita nyuma yake, ncha ikatokeza, na kupitia tundu hilo akavutiwa mpira anaoishi nao hadi leo. Bi Towa anasema katika maisha yake yote ametoboa vitu kutoka nje kwenda ndani. Hakujua kwamba kuna kinachotoboa kuja nje.

CHANGAMOTO

Kiti ulichokikalia kilikuwa cha Bwana Isaburo Nukada. Yeye na Bi Towa walitaniana miaka mingi.

"We mzee, mkono wako unakoroma kuliko mdomo."

"Wangu angalau unaimba, bibi. Wako unanung'unika kama mama mkwe."

Majira ya baridi yaliyopita mkono wa Bwana Nukada ulinyamaza. Wiki hiyohiyo Bodi ilikuwa imempeleka Daktari Orikasa mjini kwa muda. Akabaki daktari mwingine, kijana wa siku hizi, peke yake. Hatumlaumu. Alikuwa amejifunza kama wanavyojifunza wote hapa: kwa kuchoma sindano kwenye konyaku ya jikoni. Bwana Nukada alikuwa akiwatania, "Choma tu mwanangu, konyaku haisemi aa!"

Lakini konyaku haina historia. Kila sindano inayoingia ndiyo ya kwanza. Haijawahi kuwa na mpira chini ya mtulinga, haijafungwa popote, haina mlango wa kupigwa teke.

Bwana Nukada alilala pale, shuka usoni, akahisi waya unakwama shingoni. Muuguzi Chisato alikuwepo, na anakumbuka mzee alivyosema chini ya shuka, kwa upole kabisa: "Kijana, huko pamefungwa. Umetazama?"

Kijana alidhani mzee ana hofu. Alisukuma. Waya ulipata njia, ila haikuwa njia: ulitoboa mshipa, na mzee akafa pale pale.

Tulifika zamu iliyofuata, kiti hicho kikiwa wazi. Mashine zikawashwa, tukasinzia kama kawaida. Bi Towa akasema bila kufumbua macho, "Mzee, punguza sauti, nataka kulala."

Sote tulikuwa tunausikia ule mvumo wa mkono wake. Tulikuwa tumeuzoea kiasi kwamba hatukushangaa mpaka alipousema.

Muuguzi Chisato alisema ni pampu ya maji. Fundi akazima pampu. Alisema ni upepo wa dirishani. Tukaziba dirisha kwa gundi, kama unavyoona. Mwisho akaweka kipimo chake cha kusikilizia mapigo kwenye mkono wa kushoto wa kiti, akakaa nacho muda, akakitoa masikioni, na tangu siku hiyo hafuti vumbi hapo bila kusema, "Samahani, mzee." Sisi si watu wa mizimu. Wengi wetu ni wastaafu wa reli. Tunasema tu tulichokisikia.

Changamoto ya pili ni amri yako: Daktari Orikasa na mashine ya mionzi wahamie mjini, ng'ambo ya mlima, kwa ajili ya "ufanisi". Jana mashine ilifungwa plastiki na chumba kikapigwa kufuli.

Sehemu inayofuata tumeiongeza asubuhi hii. Mpira wa Bi Towa umegoma. Wauguzi wamejaribu kila dawa ya kuzibua. Damu haitoki. Mashine iliyo kando yake imewashwa kwa heshima ya ugeni wako, lakini haifanyi kitu. Uso wake umeanza kuvimba. Njia ya mlimani imefungwa nyuma ya gari lako, na helikopta hairuki katika theluji hii. Daktari Orikasa yupo, mashine ipo, vyote ndani ya jengo hili. Mganga Mkuu anasema bila neno la mwenyekiti hawezi kufungua. Tulimuuliza, "Na akifa?" Akasema, "Mwenyekiti anakuja leo."

Naam, umekuja.

MAOMBI

Mwaka jana tuliomba mambo mengi, tukapewa saa ya ukutani. Leo tunaomba amri ya kuhama ifutwe, na asichomwe shingo mtu ambaye mishipa yake haijatazamwa. Hayo unaweza kuyajibu kwa barua.

Lakini kufuli lifunguliwe sasa, kabla ya makofi, kabla ya picha. Sindano ya konyaku inaweza kusubiri. Bi Towa hawezi. Amekataa kulazwa kitandani. Anasema anataka akuone ukisikiliza.

HITIMISHO

Tunakuombea barabara isiyo na barafu, nyumba yenye moto, na mishipa iliyo wazi mpaka uzee wako wa mwisho, ili usije ukahitaji mtu mwepesi wa mkono.

Na kabla hujainuka, mgeni rasmi, weka kiganja chako kwenye mkono wa kushoto wa kiti hicho. Sisi tutanyamaza. Usipohisi kitu, tutakuomba radhi mbele ya wote hawa. Ukihisi, usishtuke. Ni Bwana Nukada. Anauliza lile swali lake alilouliza chini ya shuka, na bado hajajibiwa.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Figo, Zamu ya Asubuhi, Hinosawa,
pamoja na aliye kitini pako.