Bairbre Ní Laoi na Kinanda cha Mivukuto (1947–2023)

Marehemu Bairbre Ní Laoi, tunayemzika leo Ijumaa tarehe 10 Novemba 2023 katika makaburi ya Ros Leathan, alizaliwa hapa hapa Ros Leathan, magharibi ya Galway, tarehe 25 Februari 1947, siku ambayo theluji ilifika kwenye madirisha na kufunga barabara zote. Mkunga aliletwa akiwa ameketi juu ya mlango uliong'olewa na kuburutwa na wanaume wanne. Bairbre alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Máirtín Ó Laoi, mfanyakazi wa barabara za kaunti, na Mama Saile. Alibatizwa siku kumi na moja baadaye, padri alipoweza kupita.

Katika nyumba ile aliishi pia shangazi yake, Neain, dada mkubwa wa Mzee Máirtín, ambaye hakuolewa. Neain alikuwa mwimbaji wa mtindo wa kale: sauti peke yake, bila ala, bila mapigo ya kuhesabika, na kila ubeti ukipindwa na kurembwa tofauti na uliotangulia. Aliimba akiwa ameketi, macho yamefumbwa, na mtu wa karibu alimshika mkono na kuuzungusha polepole mpaka wimbo uishe. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Bairbre. Inasemekana alijua nyimbo arobaini kabla ya kujua kusoma. Upande wa pili wa jiko palikuwa na redio ya betri. Mzee Máirtín aliiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari na kuizima papo hapo, isipokuwa Jumamosi, ambapo watoto waliruhusiwa kusikiliza bendi za dansi za Dublin na nyimbo za majonzi kutoka Marekani. Bairbre aliziimba hizo nazo, akizipinda kama shangazi yake. Neain alipozisikia alisema hiyo ni sawa na kumvisha bata viatu.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1952, na mwaka 1960 akapata nafasi ya kusoma bure katika shule ya bweni ya masista mjini Galway. Huko, Sista Benigna, aliyeongoza kwaya, alimsikiliza kwa dakika moja akamwambia kwamba sauti anayo ila anaisokota kama uzi wa sufu, na kwamba katika kwaya yake noti moja ni noti moja. Kwa miaka mitano Bairbre aliimba alivyoagizwa. Alijifunza kusoma muziki, kupiga kinanda, na nyimbo za Kilatini za sauti moja, zinazokwenda mbele bila haraka wala ngoma. Likizo ya kwanza alimwimbia Neain wimbo mmoja wa Kilatini, akitegemea kuchekwa. Shangazi aliomba arudie. Kisha akauliza, "Na hawa nao hawahesabu?" Bairbre akamjibu kwamba hawahesabu. Neain akasema basi masista si wabaya sana.

Mwezi Septemba 1965 alivuka kwenda London, kama walivyofanya kaka zake wawili kabla yake, akapata kazi ya usaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya kaskazini-magharibi ya jiji. Alikaa huko karibu miaka minane. Katika chumba cha nguo alifanya kazi na Bi Icilda Barrett, mzaliwa wa Jamaika, mwanamke mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Siku moja wakikunja mashuka, Bairbre alikuwa akiimba chini chini wimbo wa kwao. Icilda alimwacha amalize ubeti, akamwambia, "Mdogo wangu, wewe unaimba kama mtu aliyebaki peke yake duniani."

"Kwetu ndivyo wanavyoimba."

"Basi Jumapili twende ukaone sisi tunavyobebana."

Alikwenda kanisani kwao Jumapili hiyo, akaendelea kwenda kwa miaka sita, baada ya kuhudhuria kwanza misa ya Kikatoliki, kama alivyomhakikishia mama yake kwa barua. Kilichomvuta hakikuwa makofi. Kilikuwa mlio wa wanaume wa viti vya nyuma, ambao kabla wimbo haujaanza walishika noti moja ya chini na kuikalia, na mwimbaji akapanda juu yake kama mtu anayepanda ngazi. Mwaka 1971 kanisa lile lilipohamia jengo lingine, waliacha nyuma kinanda kidogo cha mivukuto, cha kukanyagwa kwa miguu, kilichokosa vibonye viwili. Bairbre alikiomba akapewa. Alikitumia kushika ile noti ya chini, maana chumbani kwake hakukuwa na wanaume wa viti vya nyuma.

Alirudi nyumbani mwezi Machi 1973 Mzee Máirtín alipougua, akiwa na sanduku moja na kile kinanda. Mwaka huo huo aliajiriwa katika posta ya Ros Leathan, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu mwaka 2007. Sehemu kubwa ya nyimbo zake alizitunga dirishani pale, akigonga mihuri. Jirani yetu marehemu Coilín Mór aliwahi kurudi na bahasha yake akilalamika kwamba imegongwa mihuri mitano.

"Hii barua inakwenda kwa dada yangu Boston au inakwenda vitani?"

"Samahani, Coilín. Nilikuwa katikati ya ubeti."

"Basi mgongee na yeye ubeti, mimi nilitaka stempu tu."

Mwezi Oktoba 1975 aliingia katika mashindano ya uimbaji wa kale mjini Galway. Kila mtu alitarajia aimbe wimbo wa Neain. Yeye alipanda jukwaani na kinanda chake, akaimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kiayalandi, juu ya wanawake wanaofua mashuka ya watu waliokufa hospitalini. Majaji walisema sauti ni ya kiwango cha juu na kinanda hakina nafasi katika mashindano hayo, wakamwondoa. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni kwamba Neain, aliyekuwa kwenye kiti cha mstari wa pili, angesimama katikati ya wimbo, avae koti lake bila haraka, kifungo baada ya kifungo, na kutoka. Walirudi kijijini katika gari moja, kilomita sitini. Tangu siku hiyo shangazi na mpwa wake hawakuongea kwa miaka miwili na miezi mitatu. Neain alihamia nyumba ndogo ya nyuma, na mkate na mayai vikapitia kwa Mama Saile.

Gari hilo lilikuwa la Festy Ó Conaola, seremala wa mitumbwi, ambaye jioni ile alikuwa amejitolea kubeba kinanda. Majira ya baridi yaliyofuata panya walitafuna mivukuto. Festy aliishona upya kwa ngozi ya buti zake za kazini, akarudi tena kuangalia kama mishono imeshika, kisha akarudi mara nyingine nyingi ambazo mishono haikuwa sababu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1976 katika kanisa la Ros Leathan. Neain alihudhuria, akaleta blanketi alilolifuma mwenyewe. Wageni walipomwomba aimbe, kama alivyoimba katika kila arusi ya ukoo kwa miaka arobaini, alisema koo linamuuma. Bairbre aliendelea kukata keki. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyeitwa Saile kama bibi yake, na mvulana, Ruairí.

Mwezi Desemba 1977 Neain alianguka akavunjika nyonga. Tarehe 17 Januari 1978 ilifika barua kutoka hospitali, imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Neain hakuisoma. Mgawaji barua alikuwa anaumwa, kwa hiyo Bairbre aliipeleka mwenyewe, akaisoma kwa sauti, akaitafsiri, akaiweka mezani. Alikuwa ameshafika mlangoni shangazi aliposema kwamba amemsikia redioni.

"Wimbo ule ule," Neain alisema. "Wa mashuka. Si mbaya. Tatizo ni kile kinanda, hakipumui."

"Shangazi, kile kina mivukuto. Hakina kazi nyingine ila kupumua."

"Kinapumua chenyewe, hakikungoji wewe. Mimi nikinyamaza mwisho wa mstari, watu wanajua kuna mtu amekufa mle ndani. Wewe ukinyamaza, lile dude linaendelea tu, kama mgeni asiyejua kwamba kuna msiba."

Bairbre alikaa chini. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kwa miaka miwili kujibu kuhusu mila, kuhusu heshima, kuhusu kumwaibisha mbele ya watu, na hakuna alichoulizwa kati ya hayo. Alimuuliza shangazi kwa nini hakumwambia siku ile ile. Neain akasema siku ile alikuwa na hasira, na hasira haijui kueleza. Halafu akamwagiza akilete kinanda.

Kuanzia wiki hiyo, kila Jumamosi alasiri mpaka Pasaka, Festy alibeba kinanda hadi nyumba ndogo ya nyuma. Bairbre aliimba na kukanyaga, na Neain, akiwa kitandani, aliinua kidole pale alipotaka mlio ukome. Mara nyingine alikiinua mapema, mara nyingine aliuacha mlio mpaka Bairbre akaishiwa pumzi. Hawakukubaliana kila mahali. Katika wimbo mmoja walibishana Jumamosi tatu kwa ajili ya neno moja, na Bairbre ndiye aliyeshinda.

Kutokana na alasiri hizo zilitoka nyimbo tisa za santuri yake ya kwanza, iliyorekodiwa mwaka 1979. Waliozisikia wanajua mtindo wake: sauti inayopinda kama ya Neain, hatua za polepole za Kilatini, noti ya chini iliyotoka kwa wenzake Icilda, na habari za watu wa kawaida kama katika nyimbo za redio za Jumamosi. Kisha, mahali ambapo msikilizaji anategemea kinanda kiendelee, kinakoma, na sauti nayo inakoma. Neain alikataa kuimba pamoja na kinanda. Hata hivyo wimbo wa mwisho wa santuri ile ni wa kwake, beti sita, kinanda kimefunikwa, na Bairbre amemshika mkono. Neain alifariki mwaka 1984 akiwa na miaka themanini na minane.

Marehemu alitoa santuri nyingine mbili, mwaka 1988 na mwaka 2003, akatunga misa ya parokia yetu, na kwa miaka ishirini alifundisha watoto kila Ijumaa katika ukumbi wa shule, chai na mkate wa magadi vikiwa juu ya kinanda, jambo alilowakataza wengine wote. Wapo waliosema hadi mwisho kwamba aliharibu mtindo wa kale. Mtangazaji mmoja alimuuliza hilo moja kwa moja. Alijibu kwamba huenda ni kweli, kwamba aliyemfundisha naye alifikiri hivyo, na kwamba walikaa wakalifanyia kazi.

Tangu mwaka 2009 masikio yake yalianza kupoteza milio ya juu. Ndege walikwenda kwanza, kisha filimbi, kisha sauti za watoto wake wa Ijumaa. Hakutangaza. Alianza tu kutunga chini zaidi, na nyimbo zake kumi na moja za mwisho ni za wanaume wa sauti nzito wa kwaya ya Ros Leathan, ambao walidhani wamepandishwa cheo. Mwezi Aprili 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mjini Galway mara tatu kwa wiki, Festy akiendesha gari, hadi mwezi Septemba mwaka huu alipoomba asirudi tena. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia nyumbani baada ya hapo.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 7 Novemba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Saile alikuwa amesimama dirishani. Mzee Festy, ambaye kwa miaka arobaini na saba ya ndoa hajawahi kuimba mbele ya mtu yeyote kwa sababu aliijua sauti yake, alikuwa amevuta kiti karibu na kitanda, akamshika mkewe mkono, akaanza kuuzungusha, na kuimba wimbo wa mashuka karibu kabisa na sikio lake. Aliimba ubeti wa kwanza vibaya na wa pili vibaya zaidi. Bairbre hakuwa amesema neno tangu Jumapili. Alifumbua macho.

"Festy," alisema, "umeingia mapema."

"Nianze tena?"

"Anza."

Alianza tena. Saile anasema safari ile aliingia mahali pake, na kwamba mama yake alifariki kabla ubeti wa tatu haujaisha. Mzee Festy aliumaliza wimbo.

Marehemu ameacha mume, Mzee Festy Ó Conaola, watoto wawili, Saile na Ruairí, wajukuu wanne, kaka yake Peadar aliyeko Boston na dada yake Meaig, wapwa kumi na tisa, mmoja wao akiwa ndiye anayesoma maneno haya, na rafiki yake wa miaka hamsini na minane, Bi Icilda Barrett wa London, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, ambaye hakuweza kusafiri, na ameomba kwa simu kwamba wanaume wa nyuma wasimwache aende peke yake.

Wanaume wa kwaya wako tayari. Mungu ampokee Bairbre na kumpa pumziko la amani.