Mama Uzi na Sentensi Fupi ya Jumatatu

Naanza kwa kuwaomba radhi wasomaji wa jarida letu. Ukurasa huu umekaa miezi saba bila neno langu, na baadhi yenu mmenisimamisha koridoni kuniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Niliombwa niandike wasifu wa mwenzetu anayestaafu, nikakubali mbele ya watu, kisha kalamu ikanigomea. Sababu ya mgomo huo nitaieleza mahali pake, maana nayo ni sehemu ya wasifu wenyewe.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi mkuu wa kitengo cha jalada, ambaye sote tunamwita Mama Uzi, atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika kiwanda hiki cha uchapaji cha kanisa. Mimi nimekuwa msahihishaji wa prufu hapa kwa miaka thelathini na miwili, na muda wote huo meza yangu imetazamana na yake, tukitenganishwa na kioo tu. Kwa hiyo nimemwona akifanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote, na nimemwonea wivu kuliko mtu mwingine yeyote. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni nani anayemsimulia.

Aliingia kama mfagiaji wa chumba cha karatasi. Vipande alivyovifagia hakuvitupa. Alivishona kwa uzi wa kudarizia, akatengeneza vijidaftari, akawagawia wafanyakazi. Fundi wa jalada wa wakati ule alikichukua kimoja, akakivuta huku na huku, kikakataa kuachana, akamwambia aweke ufagio chini. Hivyo alipata kazi na jina katika siku moja. Tangu hapo amekunja, ameshona, amepaka gundi, na amewafundisha mafundi tisa, ambao watatu kati yao leo wana karakana zao.

Wakongwe wanakumbuka siku bomba lilipopasuka juu ya ghala na kulowesha vitabu vya nyimbo mia sita. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuviita takataka. Yeye alifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, akavitundika kama nguo, akavigeuza ukurasa kwa ukurasa kwa siku kumi na moja. Fundi wetu wa mashine, ambaye kwa sauti yake tunamwita Kelele, alimuuliza kama kesho yake atavipiga pasi. Kesho yake akavipiga pasi.

Ndiye pia aliyeishona upya Biblia kubwa ya mimbari, ambayo mgongo wake ulikuwa umeachia na kurasa zikawa zinatoka kama meno ya mzee. Alikaa nayo wiki tatu. Mchungaji alipoinyanyua mbele ya waumini na kumsifu fundi, Mama Uzi aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba aliyeitwa ni mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimekagua kila namba ya ukurasa wa Biblia ile baada ya kushonwa, na hakuna aliyenitaja. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli kwamba nilililia moyoni.

Hata wakati wa chai ilikuwa hivyo hivyo. Birika lilikaa karibu na meza yangu, lakini watu walimimina chai kwangu na kwenda kuinywa kwake. Kwake walipeleka habari za watoto, za mawifi, za viatu vinavyobana. Kwangu walileta barua za maombi ya likizo, niwawekee koma.

Sasa nifike kwenye Jumatatu. Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, sote hukusanyika katika chumba cha kukunjia kwa sala ya shukrani kabla ya mashine kuwashwa. Katika mwaka wangu wa pili hapa, mchungaji aliyekuwa akituombea alichelewa. Mimi nilikuwa na sala niliyoiandika nyumbani, imo mfukoni, imekunjwa mara mbili. Meneja wa wakati ule alituangalia mmoja mmoja, akayapitisha macho juu yangu, akamwambia Mama Uzi atuombee.

"Baba, tunakushukuru," akasema. "Amina."

Tukaenda kazini. Jumatatu iliyofuata meneja hakuhangaika kutafuta mwingine. Sala ile imekuwa ya Mama Uzi kwa miaka thelathini, na haijaongezeka neno.

Siku ile ile ya kwanza nilimwendea mezani kwake. Nilimweleza kwa upole, au kwa kile nilichokiita upole, kwamba sentensi yake inaning'inia. Mtu hushukuru kwa jambo fulani, naye hakulitaja. Nilichukua kipande cha karatasi, nikaiandika sentensi yake, nikaweka alama ya msahihishaji inayoonyesha pengo, na juu ya alama nikaandika "kwa?". Alikitazama kile kipande kwa heshima, akakitia katika droo.

"Nikianza na 'kwa', Mwalimu," akasema, "siku nitakayokosa la kutaja nitafanyaje?"

Nilimjibu kwamba hilo si swali la sarufi. Akakubali kwamba si la sarufi, akarudi kwenye sindano yake.

Siku za kukosa la kutaja zilimfikia. Katika mwaka wake wa kumi na moja, mashine ya kukatia karatasi ilimchukua ncha ya kidole. Jumatatu iliyofuata alisimama na bendeji nene kama kitunguu, akasema maneno yake. Kelele alishindwa kuvumilia, akamuuliza kama anashukuru hata kwa kidole. "Sikusema kwa kidole," akajibu, akacheka kabla yetu. Alipofiwa na mumewe, alikosekana Jumatatu mbili. Ya tatu alikuja. Sauti ilikatika baada ya "Baba", tukasubiri, Kelele akitazama viatu vyake, kisha neno lililobaki likatoka lile lile. Hakumshukuru Mungu kwa kifo. Alimshukuru Mungu. Mimi nilisimama nyuma nikimwonea wivu mjane, jambo ambalo mtu mzima hapaswi kulikiri hadharani.

Shukrani zangu mimi zilikuwa na orodha. Miaka kumi na moja iliyopita mke wangu aliugua, akalala kitandani mwaka mzima. Nilitafuta la kuorodhesha, nikakosa, nikaacha kusali. Sikugombana na Mungu. Nilinyamaza tu, kama redio iliyokatiwa umeme.

Katika mwaka huo huo mchungaji aliniomba niandike sala ya ibada kuu ya shukrani. Kusali nilikuwa nimeacha, lakini kuandika sikuwa nimesahau. Niliandika sala ndefu yenye "kwa" thelathini na moja, zilizopangwa kuanzia jua hadi afya njema. Nilipoimaliza, meneja alinipongeza, kisha akaniambia kwamba atakayeisoma mbele ya waumini ni Mama Uzi.

Kijitabu cha ibada kilikuwa cha karatasi nne zilizokunjwa, yaani kurasa kumi na sita. Mwisho wa ukurasa wa sita palikuwa na maneno "Ee Mungu wetu, tunakushukuru". Zile "kwa" zote zilijaza karatasi ya katikati, ukurasa wa saba hadi wa kumi. Wiki hiyo mafundi wawili wa jalada walikuwa wagonjwa, na Mama Uzi alikuwa peke yake. Alishona nakala ya kwanza, akaniletea niikague kabla ya kushona zilizobaki, kama kanuni yetu inavyodai.

Nikaifungua. Baada ya ukurasa wa sita ulikuja ukurasa wa kumi na moja, wenye "Amina" na wimbo wa kufungia. Rundo la karatasi za katikati lilikuwa limesahaulika rafuni, nusu limefunikwa turubai. Niliweza kuliona kupitia kioo bila kuinuka. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika "Sawa" juu ya jalada, nikatia saini. Alinishukuru, akaenda kushona mia nne.

Jumapili nilikaa safu ya nne. Nataka nieleweke: nilikwenda kumwona akiaibika. Alisimama mbele, akasoma hadi mwisho wa ukurasa wa sita, akahamia ukurasa unaotazamana nao, akakuta "Amina". Alirudisha ukurasa, akaufunua tena. Watu nao wakafunua, na kanisa zima likasikika likitafuta. Kisha akakifunga kijitabu, akainua uso, akasema, "Tunakushukuru." Akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka mtoto mmoja akauliza kama imekwisha. Halafu waumini wote, bila kuongozwa na yeyote, wakasema, "Tunakushukuru." Mchungaji alituambia mlangoni kwamba hajapata kusikia shukrani iliyokamilika kama ile. "Kwa" zangu thelathini na moja zilikuwa zimelala chini ya turubai.

Hata hivyo kosa lilikuwa kosa, na Jumatatu meneja alitaka mwenye kosa. Aliuliza kama nakala ya kwanza ilikaguliwa. Nilisema sikumbuki kuiona. Mama Uzi alinitazama mara moja, kisha akasema kwamba kuhesabu karatasi ni kazi ya mshonaji. Akapewa barua ya onyo. Usimamizi wa kitengo, ambao alikuwa amekwisha kuahidiwa, ulikwenda kwa mtu mwingine kwa miaka mitatu. Mke wangu alipona, orodha yangu ikarudi, nami nikaanza tena kusali, nikiliruka jambo hilo kila siku.

Miezi saba iliyopita Mama Uzi alianza kupunguza vitu katika droo yake. Alikuja mezani kwangu na kuweka vitu viwili. Kimoja kilikuwa kijitabu chenye "Sawa" yangu na saini yangu. Cha pili kilikuwa kile kipande cha karatasi chenye "kwa?", kimegeuka rangi ya chai.

"Hivi ni vyako, Mwalimu," akasema.

Nilimuuliza kwa nini hakukionyesha kijitabu kile siku ile. Alisema mke wangu alikuwa kitandani, na mimi ningefukuzwa, na yeye asingepata lolote kwa kunifukuzisha. Nikamuuliza aliwezaje kusimama Jumatatu iliyofuata na kusema maneno yale yale, akiwa na barua ya onyo mkobani.

"Barua ilikuwa yangu," akasema. "Mungu alikuwa yule yule."

Akarudi kumalizia droo. Hapo ndipo kalamu iliponigomea.

Nimekaa na kile kipande cha karatasi muda wa miezi hii yote. Nimewafundisha wasahihishaji wengi kwamba maneno yanayoletwa na "kwa" katika sentensi ya namna ile ni chagizo: yakiondolewa, sentensi hubaki sentensi. Nimewafundisha wengine, nikashindwa kuisoma hivyo sentensi ya mtu mmoja. "Tunakushukuru" ina mtenda, ina wakati, ina kitendo, na katikati yake ina "ku", Yule anayeshukuriwa. Hakuna pengo. "Kwa" zote ulimwenguni zikiondolewa, Yeye bado yumo ndani ya neno. Mtu anayeishi kwa orodha atanyamaza orodha ikiisha, kama nilivyonyamaza mimi. Aliyeanza na Mungu mwenyewe hana mahali pa kuishiwa. Mama Uzi hakunihubiria hayo hata siku moja. Aliyasema kila Jumatatu, nami nikayahesabu kuwa makosa.

Basi nilimwekea alama ya kosa mahali pasipo na kosa, na nikaandika "Sawa" mahali penye kosa. Kwa msahihishaji hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Kipande kile nimekifutia alama. Nimeandika "Sawa" chini yake, nimetia saini, na nitamrudishia siku ya kumuaga. Kijitabu nimempelekea meneja wetu wa sasa, pamoja na maelezo niliyoyaeleza hapa, nikimwomba barua ya onyo iondolewe katika jalada la mtumishi huyu kabla hajakabidhi ufunguo. Wiki mbili kabla ya hapo, meneja alikuwa ameniomba niichukue sala ya Jumatatu. Ndicho nilichokitamani kwa miaka thelathini. Nimemwomba asilitangaze jina langu mpaka uongozi ukae na kuamua kama mtu wa namna hii anafaa kusimama pale.

Mama Uzi, Kelele amenituma nikuambie kwamba mashine zimekwisha kuanza kulalamika, na kwamba yeye hatalia, ana mafua tu. Mafundi wako tisa wamekushonea daftari. Usilivute huku na huku mbele yao. Tunajua unakwenda kwa binti yako, ambako mjukuu amekwisha kuchana vitabu viwili, na tunaona ameshapata wa kumshonea. Tunakuombea vidole visikuume wakati wa baridi, kiti kizuri karibu na dirisha, na Jumatatu nyingi zisizo na honi ya kiwanda. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya mambo uliyotufanyia, kila moja likianza na "kwa". Nimeifuta, nawe unajua sababu. Tunamshukuru Mungu. Bado nakuonea wivu, ila sasa najua ninachokitamani.

Uongozi utakaa juma hili kuamua juu ya barua, na juu ya nani atasimama Jumatatu ya kwanza bila wewe. Ukishaamua, nitaandika katika ukurasa huu huu, na safari hii sitakawia.