Bendi ya Bandani

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama muuza mayai alikuwa akimsimulia jirani yake kwamba bendi moja ya roki, isiyojulikana na mtu, imekodi banda lake la kuku huko shambani ili irekodi nyimbo.

"Jogoo akiwika, wanamwacha humohumo kwenye wimbo."

Jirani, fundi viatu, aliguna. "Nawajua hao. Ngoma nilikuwa nawapigia mimi. Wakanitimua, eti nachelewa mazoezini. Sasa wasikilizwe na kuku."

Kwa mtu asiyewajali, aliuliza mengi: wanalala wapi, nani anawapikia, bado wanataniana? Mwisho akageukia dirishani. "Na ngoma anapiga nani siku hizi?"

"Baba watoto wangu."

"Anajua?"

"Ajulie wapi? Kazi yake kukamua ng'ombe."

Fundi akacheka kwa raha. "Basi wamekwisha."

"Labda. Ila kila asubuhi anakamua kwanza, nao wanamsubiri mpaka amalize."

Kicheko kikamkauka. Basi lilikuwa limeshasimama kituoni kwake, naye hana habari.

"Fundi, shuka basi," kondakta akasema. "Watu wote tunakusubiri wewe."