Sauti Yangu ya Dakika Sita

Wazazi wangu mlioketi mbele, shikamooni. Akina mama wenzangu, na dada zetu Waislamu mliokuja kukaa nasi leo hapa Kilosa, asanteni kwa kunipokea. Mchungaji aliniomba nieleze habari zangu, nikamkatalia mara mbili. Mara ya tatu nikakubali kwa sharti kwamba sitamtaja mtu kwa jina. Nitalitaja kosa langu, maana hilo ni mali yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mikumi, karibu na barabara kuu, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo. Niliwalea kwa mkono mkali na hawakuniaibisha. Hilo lilinipa kiburi, sitawaficha. Nikaanza kuamini kwamba kila mzazi aliyepatwa na aibu nyumbani kwake aliitafuta mwenyewe.

Mwanangu mkubwa akaniletea simu ya tachi, akaniingiza kwenye magrupu. Kuandika nachelewa, basi nikawa narekodi sauti huku mguu uko kwenye pedeli. Mbunge akisema jambo la hovyo, namjibu. Serikali ikitoa tamko, nalipima kwa Biblia na kwa malezi ya mama yangu. Mavazi, miziki ya matusi, viongozi wasioheshimu ndoa zao, yote niliyasemea. Watu wakapenda. Wakaniita Mama Maadili. Sauti zangu zikafika Kidodi, zikafika kata ya Ulaya, zikarudi kwangu kutoka kwa watu nisiowajua. Nilikuwa nikipita sokoni naitwa, "Mama, leo umewapa vidonge vyao!" Ndugu zangu, nawaambia, utamu ule unaingia mwilini. Siku ikipita bila kusema kitu nilijiona kama sijala.

Naomba mnielewe hapa. Sisemi kwamba mwanamke fundi cherehani hana haki ya kuisemea serikali. Anayo. Na mengine niliyosema, hata leo nitayasema tena.

Basi ikatangazwa kwamba msichana aliyekatizwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Nilikasirika mno. Niliona milango ya uhuni imefunguliwa, na iliyoifungua ni serikali yenyewe. Nikarekodi, watu wakasambaza. Lakini grupuni kuna mmoja akanijibu, "Mama, unasema tu. Mfano uko wapi?" Neno lile lilinichoma.

Wiki ile ile akaja kibandani mama mmoja mtu mzima kutoka vijiji vya upande wa Kisanga. Alikuja na sketi ya mjukuu wake ili niipanue kiunoni. Mnajua kibanda cha fundi kilivyo. Mtu anakaa kwenye kigoda anasubiri, anazungumza. Akaniambia mjukuu wake alijifungua mwaka uliopita, binti mwenye akili darasani, na aliyempa mimba alikimbia. Sasa amepokelewa tena kidato cha pili, na yeye bibi ndiye anayebaki na mtoto. Alisema kwa furaha. Alisema, "Mwanangu, huyu atakuja kunitoa kwenye jembe." Nikamwambia, "Amina, mama." Nikampa sketi yake, akaondoka.

Hata hajafika stendi, nilikuwa nimeshika simu.

Nilisema kwa dakika sita. Jina sikulitaja. Nikasema yuko binti upande wa Kisanga, kidato cha pili, anakwenda shule na sketi iliyopanuliwa, kamwachia bibi kizee mtoto anayelia njaa, na hii ndiyo Tanzania mliyoitaka. Nikaongeza na utani kuhusu kiuno chake. Nisameheni, siwezi kuurudia utani ule mbele ya wazazi. Lakini ndio uliofanya watu wacheke, na ndio uliofanya sauti isambae kuliko zote.

Kule kijijini, shule moja, kidato cha pili kimoja, aliyerudi baada ya kujifungua ni yeye peke yake. Kumjua kulihitaji nini?

Njia yake ya shule ilipita darajani, na darajani kuna kijiwe cha bodaboda. Vijana wakawa wakimwona anakuja wanafungulia spika. Sauti yangu. Anapita anasikia kiuno chake kinatajwa, wao wanaitikia pale penye utani kama wanaitikia kiitikio. Asubuhi na mchana, siku baada ya siku. Akaacha kupita darajani. Akawa anakatisha kwenye mashamba na kuvuka korongo. Kiangazi korongo lile unavuka bila kulowa kisigino. Lakini ilikuwa masika. Mvua ilinyesha milimani, huku chini jua linawaka, maji yakashuka kwa mkupuo kama yanavyoshuka kila mwaka.

Begi lilipatikana kwanza. Yeye alipatikana siku ya pili.

Aliyeniletea habari ni jirani yangu wa kibandani, dada wa Kiislamu anayeuza nguo za mitumba. Alisimama mlangoni hakuingia.

"Dada, yule mtoto uliyemsema. Korongo limemchukua."

Mnajua nilijibu nini? Kabla ya pole, kabla ya Mungu wangu, nilisema, "Mimi sikumtaja jina."

Akaniangalia. Akasema, "Hukumtaja. Ila kila mtu alimjua." Akarudi kwenye mitumba yake.

Mazishini sikwenda. Nilifuta ile sauti kwenye simu yangu, nikadhani nimefanya kitu. Kesho yake ikaingia kutoka grupu jingine. Nikafuta, ikaja tena. Nikarekodi nyingine ya kuomba radhi, nikasema nimekosea, acheni kuisambaza. Wale wale walioniita mama yetu wakaanza: amenunuliwa, ametishwa, na huyu naye kumbe mnafiki. Mmoja akaandika kwamba nina binti yangu nyumbani ameharibika ndiyo maana nimelegea. Sina hata binti, wanangu wote ni wa kiume. Nikaonja kidogo kile alichokionja yule mtoto, nami ni mtu mzima, na sikuwa na daraja la kuvuka.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kugombea udiwani, alikuwa ameniahidi kunisimamisha jukwaani kwake. Akanipigia. "Mama, usiharibu. Watu wanakusikiliza wewe. Kifo ni mpango wa Mungu." Nilikata simu. Lakini nitawaambia ukweli, kabla sijakata nilitamani kumwamini.

Baada ya hapo nilianguka. Presha ilipanda, nikishika kitambaa cha sare natapika. Nikafunga kibanda. Kanisani sikuonekana kuanzia Pasaka mpaka mavuno. Nilikuwa nalala mchana na kanga nimejifunika usoni, naomba Mungu asiniamshe. Wanangu walipiga simu nikawadanganya kwamba ni malaria.

Yule jirani wa mitumba ndiye aliyevunja mlango. Simaanishi kwa mfano, alivunja komeo. Aliniosha, akanipikia uji, akakaa mpaka nikamaliza. Kesho yake akaja tena. Alikuwa kwenye mfungo, hali yeye, ananilisha mimi. Siku moja nikamuuliza kwa nini anahangaika na mtu kama mimi. Akasema, "Bado nimekukasirikia. Kunywa uji."

Nilipopata nguvu nikaenda kwa mchungaji, nikaungama yote. Nilitegemea anishike kichwa aniambie Mungu amekusamehe, nenda kwa amani. Yeye akasema, "Kwa Mungu nitakuombea. Lakini yuko bibi Kisanga, na mimi si yeye. Umeshakwenda?"

Nilikwenda siku ya Jumanne. Jirani alinisindikiza mpaka penye njia panda, kilichobaki nikatembea mwenyewe. Nikamkuta uani anapepeta kunde, mtoto yuko pembeni mkekani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Ninyi mnajua, kwetu mtu mzima kutoitikia shikamoo ni nini. Akaendelea kupepeta. Nikaanza kusema, nimekuja, mama, nimekosa, mimi ndiye... Akaniinulia mkono.

"Nakujua wewe ni nani. Hiyo sauti unayo?"

Nikasema niliifuta.

"Watu wanasema haifutiki. Mimi simu yangu ni ya kitochi. Kila mtu hapa kijijini ameisikia, mimi sijaisikia. Niwekee."

Niliitafuta. Haikuchukua muda, ilikuwa kwenye grupu, mtu ameileta juzi tu. Nikambembeleza asisikilize. Akaweka ungo chini, akamchukua mtoto akampakata, akasema, "Niwekee."

Ndugu zangu, nimezaa, nimezika mume, nimeugua. Sijawahi kupita mahali kama zile dakika sita. Nilikuwa nimepiga magoti pale, nasikia mwanamke mwenye furaha anamcheka mtoto aliyekufa, na mwanamke huyo ni mimi. Ulipofika utani nikataka kuizima, akanishika kifundo cha mkono. Ikaisha yote. Mtoto akawa anachezea ncha ya kanga yangu.

Bibi akasema taratibu, "Umesema alikuwa anamwacha mtoto analia njaa. Hakuwahi kumwacha analia hata siku moja. Alikuwa anaamka, anamnyonyesha mpaka anashiba, ndipo anavaa viatu. Hilo hukuniuliza. Nilikaa kibandani kwako karibu saa nzima, ungeniuliza."

Nikalia. Hakuninyamazisha, wala hakunifukuza. Baada ya muda alisukuma ungo katikati yetu akasema, "Toa mawe humo." Tukachambua kunde mpaka jua likaelekea magharibi.

Tangu siku ile naenda kila mwezi. Sasa mtoto anakimbia, ananiita bibi wa Mikumi. Bibi mwenyewe hajaniambia amenisamehe, nami simuulizi. Siku hizi nikimwamkia anaitika marahaba. Kwangu hilo ni kubwa, linanitosha.

Kibanda nimekifungua. Nimshukuru jirani yangu, amekaa pale nyuma, hapendi nimwonyeshe. Nimshukuru mchungaji kwa kunikatalia kile nilichokitaka. Nimshukuru yule mama wa Kisanga ambaye hayupo hapa na hana sababu ya kuwapo.

Kuhusu serikali, bado nina maoni yangu. Bado naamini mtoto alelewe kwa adabu, na kiongozi akikosea aambiwe. Ila nilidhani nazungumza na serikali, na serikali haikunisikia hata kidogo. Aliyenisikia ni binti wa miaka kumi na saba aliyekuwa anapita darajani na madaftari. Kabla hujamsema mtu kwa mfano, muulize. Kaa naye kwenye kigoda umuulize, umalize kumsikiliza. Ukishamsikiliza, huenda hutakuwa na hamu ya kusema.

Nimalizie na ombi. Ile sauti bado inatembea. Mwezi uliopita imeonekana kwenye grupu la hapahapa Kilosa, mtu ameandika, "Msikilizeni mama huyu anavyosema kweli." Najua baadhi yenu mnayo. Sitawauliza nani. Toeni simu zenu mwifute, sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa mbele yenu.

Nitasubiri.